Mabinti Smith wa Glastonbury na Ugomvi Wao na Mji

Historia ya madai ya wanawake katika Marekani mara nyingi husimuliwa kwa kutaja mikutano mikubwa na wasemaji mashuhuri. Lakini sehemu moja ya historia hiyo ilitendeka katika zizi la ng'ombe, na waliohusika walikuwa wanawake wawili wazee, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kwa sehemu kubwa ya maisha yao walikaa nyumbani kwao pasipo kuchanganyika sana na majirani. Hao ni Julia Evelina Smith, aliyezaliwa mwaka wa 1792, na mdogo wake Abby Hadassah Smith, aliyezaliwa mwaka wa 1797. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kuonyesha mambo matatu: jinsi jamaa hii ilivyopata kukaa mbali na wenzao, kazi iliyofanywa katika upweke ule, na jinsi mji ulivyowatendea walipobaki wawili tu.

Jamaa na dini yao

Glastonbury ni mji mdogo wa jimbo la Connecticut, kando ya mto uitwao kwa jina hilo hilo, maili chache kutoka Hartford. Katika karne ya 19 wenyeji wake wengi walikuwa wakulima, nao walilima tumbaku na kukata majani ya mifugo katika mabonde ya mto. Baba wa mabinti hao, Zephaniah Hollister Smith, alisoma katika chuo cha Yale, kisha akawa mchungaji wa kanisa katika mji wa Newtown. Huko alivutwa na mafundisho ya Robert Sandeman, Mskoti aliyefariki Danbury katika jimbo lilo hilo mwaka wa 1771. Wafuasi wa Sandeman walishika kwamba si halali mtu kupokea mshahara kwa kulihubiri Neno la Mungu, na kwamba imani ya kweli haina haja ya fahari wala vyeo. Smith hakuwa mtu wa kusema jambo moja na kutenda jingine. Aliacha uchungaji, akaacha na mshahara wake, akaingia katika biashara na baadaye katika uanasheria, akarudi kukaa Glastonbury.

Ili kufahamu uzito wa tendo hilo, yafaa kukumbuka kwamba katika Connecticut ya siku zile kanisa na serikali vilikuwa vimeshikamana. Kanisa la Wakongregesheni lilikuwa ndilo kanisa la jimbo hata mwaka wa 1818, ilipotungwa katiba mpya. Mtu aliyejitoa katika kanisa alijitoa pia katika baraza la wenzake: hakuketi nao siku ya Jumapili, wala hakushauriana nao mlangoni baada ya ibada, mahali ambapo mambo mengi ya mji yalikuwa yakiamuliwa. Hivyo mwanzo wa kutengana kwa jamaa ya Smith na mji wao haukuwa chuki, bali dhamiri ya baba. Chuki ilikuja baadaye, ikakuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Mama yao, Hannah Hadassah Hickok, alikuwa mwanamke wa elimu isiyo ya kawaida kwa zama zake. Alijua hesabu na elimu ya nyota, alisoma lugha za kigeni, na alitunga mashairi. Wazazi hawa wawili walipata mabinti watano, wakawapa majina ambayo hayakupata kusikiwa katika mji ule: Hancy Zephinia, Cyrinthia Sacretia, Laurilla Aleroya, Julia Evelina na Abby Hadassah. Wote watano walisomeshwa, na katika ujana wao hapana hata mmoja aliyeolewa.

Hancy alikuwa fundi wa kubuni vyombo. Cyrinthia alishughulika na miti ya matunda. Laurilla alichora picha. Julia alijifunza Kifaransa, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, akaandika habari zake za kila siku kwa Kifaransa kwa miaka mingi, na kwa muda alifundisha katika shule ya wasichana ya Emma Willard mjini Troy. Abby, aliyekuwa mpole kuliko wote, alijulikana zaidi kwa kazi za nyumbani, wala hakuna aliyedhani kwamba siku moja yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu.

Kulikuwa na jambo jingine lililowatenga. Jamaa hii ilichukia utumwa. Connecticut haikuufuta utumwa kabisa hata mwaka wa 1848, na watu wengi wa jimbo hilo walijipatia riziki kwa biashara ya pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Katika miaka ya karibu na 1840 mama na mabinti zake walikusanya sahihi za wanawake wa mji wao katika hati ya maombi dhidi ya utumwa, ikapelekwa kwa John Quincy Adams, aliyekuwa Rais hapo kwanza na wakati ule mjumbe wa bunge la nchi. Wahubiri wa kupinga utumwa waliponyimwa nafasi makanisani, walikaribishwa na jamaa ya Smith. Kwa hiyo, kwa majirani, nyumba ile ilikuwa ya watu wenye dini ngeni, majina mageni, elimu iliyozidi mpaka wa wanawake, na ushirika na wachochezi.

Tafsiri ya Biblia

Baba alifariki mwaka wa 1836 na mama mwaka wa 1850. Mabinti walirithi nyumba na mashamba, wakayatunza vema. Kati ya vifo hivyo viwili kulitokea tukio lililomwelekeza Julia kwenye kazi kubwa ya maisha yake. Mhubiri mmoja aitwaye William Miller alihesabu miaka ya unabii katika Biblia, akatangaza kwamba Kristo atarudi mnamo mwaka wa 1843 au 1844. Maelfu ya watu walimsadiki. Siku zilipopita pasipo kutokea neno, wengi walivunjika moyo. Lakini mabinti Smith waliuliza swali lingine: je, maneno yenyewe ya Kiebrania na Kiyunani yasemaje, yakiondolewa mapambo ya wafasiri?

Julia akaanza kufasiri. Hakuwa na mwalimu wa Kiebrania. Alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Ndugu zake na rafiki mmoja walikutana naye kuisoma kazi hiyo na kuijadili. Alifasiri Biblia nzima mara tano: mara mbili kutoka Kiebrania, mara mbili kutoka Kiyunani, na mara moja kutoka Kilatini. Ilipokwisha, katika miaka ya 1850, aliziweka karatasi zake, kwa kuwa hakuwa amekusudia kuzichapisha.

Kanuni yake ilikuwa moja, nayo ngumu: kila neno la asili lifasiriwe kwa neno lile lile daima, popote litokeapo. Faida ya kanuni hii ni kwamba msomaji aweza kulifuata neno moja katika kitabu chote na kuona mahali pote linapotumika. Hasara yake ni kwamba lugha hazikuumbwa kwa kipimo kimoja. Jambo hili laonekana hasa katika nyakati za vitenzi. Katika kusimulia habari, Kiebrania hutumia umbo la kitenzi ambalo likiwa peke yake huweza kuonyesha jambo lisilokwisha au litakalokuja, lakini likiungwa na kiungo cha mfuatano huonyesha lililotendeka baada ya lile lililotangulia. Julia alilifasiri umbo hilo kwa wakati ujao, hata katika habari za kale kabisa. Na msomaji wa Kiingereza hushangaa kukuta kwamba Mungu, katika sura ya kwanza ya Mwanzo, hakusema bali atasema.

Msomaji wa Kiswahili hatapata shida sana kuelewa asili ya ugumu huo, kwani Kiswahili kinayo -ka-, ambayo nayo haijitegemei kwa wakati, bali hufuata wakati wa kitenzi kilichotangulia. Mtu asemaye "alitoka akaenda" hana haja ya kutaja wakati mara mbili. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo ndani ya kitenzi, na mfasiri aliyeapa kutobadili neno hakuwa na pa kukimbilia. Wataalamu wengi wameilaumu tafsiri yake kwa sababu hii, na lawama hiyo ina haki. Lakini kanuni iyo hiyo ilimpa pia mambo mema. Mathalani, jina la Hawa hakuliacha kuwa sauti tu. Alilifasiri kwa maana yake, yaani Uhai, na hivyo msomaji aona mara moja kwa nini mwanamke yule alipewa jina lile.

Kodi ya mwaka wa 1873

Laurilla alifariki mwaka wa 1857, Cyrinthia mwaka wa 1864, na Hancy mwaka wa 1871. Wakabaki Julia na Abby, wote wawili wazee, katika nyumba kubwa yenye mali. Walikuwa miongoni mwa walipaji kodi wakubwa wa Glastonbury. Mwaka wa 1873 wakadiriaji wa mji waliongeza dola 100 juu ya thamani ya mali yao, na vivyo hivyo juu ya mali ya wajane wawili. Mali ya wanaume haikuongezwa. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa kwa watu wenye mashamba. Lakini sababu yake ilikuwa dhahiri. Wakadiriaji walihitaji kura za wanaume ili wadumu katika kazi. Kwa wanawake hawakuhitaji kitu. Waswahili husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na katika mkutano wa mji wa Glastonbury wanawake hawakuwapo.

Katika Oktoba ya mwaka ule ndugu hao wawili walisafiri hadi New York kuhudhuria mkutano mkubwa wa wanawake. Waliporudi, Abby aliandika hotuba, na mwezi wa Novemba, akiwa na umri wa miaka 76, akaisoma mbele ya wanaume wa mji. Hoja yake ilikuwa ile ile iliyotumiwa na Wamarekani dhidi ya Uingereza karibu miaka 100 kabla yake: kwamba si haki kutoza kodi watu wasio na sauti katika serikali inayowatoza. Alisema kwamba wao hawakatai kuchangia gharama za mji, bali wanakataa kunyang'anywa. Wanaume walimsikiliza kwa utulivu, kisha wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hapana aliyesema.

Gazeti la Springfield Republican, la jimbo la Massachusetts, liliichapisha hotuba hiyo, na habari ikaenea. Hapo ndipo mji ulipokasirika kwa kweli. Wanawake waliokaa kimya kwa miaka 80 walivumilika. Wanawake waliolitoa jina la mji magazetini hawakuvumilika.

Ng'ombe saba

Mwanzoni mwa Januari, 1874, mtoza kodi alifika nyumbani kwao. Mabinti Smith walikuwa na ng'ombe wanane wa aina ya Alderney, waliowapenda na kuwapa majina. Mtoza kodi alichukua saba kwa ajili ya deni la dola zipatazo 100. Ng'ombe walifungiwa katika banda la tumbaku la jirani kwa siku saba hata siku ya mnada. Kwa kuwa walizoea mikono ya wenyewe, walilia usiku na mchana, na kukamuliwa kwao na wageni kukawa tabu.

Siku ya mnada Abby na Julia walifuata ng'ombe wao kwa miguu hadi mahali pa kuuzia. Mpangaji wao alinunua tena wanne kwa niaba yao. Mji ulidhani umeshinda. Lakini Abby alikaa chini akaandika barua magazetini, akieleza yote kwa maneno mepesi, bila matusi. Wasomaji ambao wasingeshughulika na hoja za katiba waliguswa na habari za ng'ombe. Michango ya fedha ikaanza kuja kutoka majimbo mengi. Ndama wawili waliozaliwa baadaye waliitwa Taxey na Votey, majina yaliyotokana na maneno ya kodi na kura.

Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule Abby aliomba kusema tena katika mkutano wa mji. Alikataliwa. Akatoka nje, akapanda juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, akawahutubia waliokuwa uwanjani.

Shamba na korti

Mji haukurudi nyuma. Katika Juni, 1874, mtoza kodi alitwaa ekari 15 za malisho yao, zenye thamani ya dola 2,000 hivi, akaziuza kwa jirani mmoja kwa bei isiyofika dola 100. Mnada ulihamishwa mahali, hata wenye shamba walipofika kuomba kununua, mambo yalikuwa yamekwisha. Ndipo ilipodhihirika kwamba ugomvi huu haukuwa wa sheria peke yake. Palikuwapo na macho yaliyoitamani ardhi ya wazee wawili wasio na watoto.

Lakini hapo mtoza kodi alikosea. Sheria ya Connecticut ilimtaka achukue kwanza mali inayohamishika kabla ya kugusa ardhi, nao walikuwa na mali hiyo ya kutosha. Mabinti Smith walifungua madai. Hakimu wa kwanza aliwapa haki. Kesi ilipokatwa rufani, hukumu ikageuzwa. Mawakili wao hawakuwa imara, na Julia, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, aliingia kusoma vitabu vya sheria kama alivyosoma Kiebrania hapo zamani. Mwaka wa 1876 walishinda, na shamba likarudi. Walichoshinda, hata hivyo, kilikuwa utaratibu wa kutoza, wala si haki ya kupiga kura. Ng'ombe waliendelea kuchukuliwa kila deni lilipotimia.

Katika mwaka ule ule wa 1876 Julia alizitoa karatasi zake sandukuni na kuichapisha Biblia yake huko Hartford kwa gharama yake mwenyewe. Shabaha yake aliieleza wazi: alitaka watu waone kwamba mwanamke ameweza kufanya peke yake kazi ambayo wanaume huifanya kwa makundi. Tokea mwaka wa 1870 halmashauri za wataalamu wa Uingereza na Marekani, wote wanaume, zilikuwa zikiisahihisha Biblia ya Kiingereza, na Agano la Kale lao halikutoka hata mwaka wa 1885. Julia Smith ndiye mwanamke wa kwanza kufasiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Elizabeth Cady Stanton na wenzake walipotunga maelezo yao ya Biblia kwa wanawake katika miaka ya 1890, waliitumia tafsiri yake. Mwaka wa 1877 Julia alichapisha pia kitabu cha habari za Abby na ng'ombe wake, pamoja na taarifa ya kesi.

Mwisho wao

Abby alifariki mwaka wa 1878, akiwa na umri wa miaka 81. Julia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akabaki peke yake kabisa. Mwaka uliofuata, watu wakistaajabu, aliolewa na Amos Parker, mwanasheria mzee wa New Hampshire aliyekuwa amesoma maandishi yake. Bibi arusi alikuwa na miaka 86. Waliuza vitu vya nyumba ya zamani, wakahamia Hartford. Julia alifariki mwaka wa 1886, akazikwa Glastonbury kando ya ndugu zake.

Ndoa hiyo imewashangaza waandishi wengi, lakini yatufundisha jambo la sheria. Katika Connecticut ya zamani mali ya mke ilikuwa chini ya mamlaka ya mume. Sheria haikubadilishwa hata mwaka wa 1877. Mwanamke asiyeolewa ndiye peke yake aliyeweza kushika shamba kwa jina lake mwenyewe, na kwa hiyo ndiye aliyefikiwa na mtoza kodi. Kukaa kwao bila waume ndiko kulikowapa mali. Mali ikawaletea kodi. Na kodi ikawaonyesha kwamba mbele ya mji walikuwa watu wakati wa kulipa, na si watu wakati wa kuamua.

Si haki kuwasifu pasipo kiasi. Hoja yao ilisimama juu ya mali. Walinung'unika kwamba wanaume wasio na chochote walipiga kura juu ya fedha za wanawake wenye mashamba. Na mtu akiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, mwanamke maskini hapati kitu. Wala si haki kusema kwamba watu wote wa Glastonbury walikuwa adui zao: mpangaji aliyewanunulia ng'ombe alikuwa mtu wa huko huko, na hakimu wa kwanza aliyewapa haki alikuwa wa karibu vile vile. Mji wenyewe ungeweza kujibu kwamba sheria ya kodi haikutungwa Glastonbury, na kwamba mtoza kodi akimsamehe mmoja atadaiwa na wengine.

Hata hivyo, jibu hilo halielezi zile dola 100 zilizowekwa juu ya wanawake peke yao, wala mnada uliohamishwa. Mambo hayo hayakutoka katika sheria. Yalitoka katika desturi ya kuwahesabu watu wanaokaa peke yao kuwa watu wasio na mtetezi. Jamaa ya Smith ilijitenga na mji kwa ajili ya dhamiri, na kwa kujitenga huko ilipata utulivu wa kusoma, kufasiri na kufikiri. Lakini upweke uliowapa nguvu ndio uliowafanya waonekane rahisi kudhulumiwa. Mji ulikosea hesabu katika jambo moja tu: ulidhani kwamba asiyesema na majirani hana la kusema.

Wanawake wa Connecticut walipewa kura katika mambo ya shule mwaka wa 1893, na kura kamili mwaka wa 1920, yalipopitishwa mabadiliko ya katiba ya Marekani. Connecticut yenyewe iliyakubali katika Septemba ya mwaka huo, yalipokuwa yamekwisha kuwa sheria ya nchi nzima. Nyumba ya mabinti Smith ingalipo Glastonbury, na tangu mwaka wa 1974 imo katika orodha ya mahali pa kumbukumbu za historia ya taifa.